Jina Lililoachwa Ng'ambo

Felismina wa Kitaya alisimama mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, kitambaa cheusi cha msiba kikiwa bado kichwani. Aliomba awe msimamizi wa mirathi ya mumewe, Francisco, aliyeacha nyumba moja na shamba la mikorosho. Muhtasari wa kikao cha ukoo ulitaja warithi watatu: yeye na wanawe, Cesar na Celia. Ukoo wote ulikuwa umetia saini.

Jina moja halikuwamo. Claudia, binti wa Francisco kwa mke wa kwanza aliyefariki zamani, aliishi na bibi yake ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji.

"Mama, yule hata msibani hakuja," Cesar alikuwa amemwambia asubuhi wakingoja kuitwa.

"Nani alimpelekea habari? Wewe?"

"Ukimtaja, tunaanza upya. Na baba mdogo anaomba tukosee tu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Arsenio, mdogo wa marehemu, aliutaka usimamizi tangu matanga. Wengi kwetu hudhani msimamizi ndiye mwenye mali, kumbe ni mtumishi wa warithi. Arsenio alikuwa mmoja wa hao, na kikaoni Felismina alimshinda kwa kura mbili tu.

"Mama, umeapa," hakimu alisema. "Hawa ndio warithi wote?"

Nyuma ya Felismina, Cesar alikohoa.

"Hapana, Mheshimiwa. Yuko binti mwingine, Claudia. Tulimwacha kwa makusudi."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Basi siwezi kuendelea. Kaeni kikao upya, na huyo binti aitwe."

Nje, Arsenio alikuwa akicheka. "Ahsante, shemeji! Mdomo wako umenifanyia kazi. Kikao Jumamosi, tunapiga kura upya."

"Pigeni. Jina la mtoto halipigiwi kura."

Wapo watakaomwita mjinga. Mimi nasema anayeapa kisha akamficha mrithi ni mwizi, hata kama anawaibia wengine kwa ajili ya watoto wake.

Walipofika Kitaya, Cesar alielekea nyumbani bila kumuaga. Felismina alishuka mtoni kutafuta mtumbwi. Ilikuwa Alhamisi, na Claudia alikuwa hajui hata kwamba baba yake amekufa.