Deo wa Columbus alinigongomelea kwenye mti kwa bunduki ya upepo, sasa anajiita mwindaji

Wakuu, nguruwe pori ananiangalia na mimi nimebandikwa kwenye mti kama tangazo la chumba cha kupanga.

Sitanii. Mshale umepita kwenye koti langu chini ya kwapa, umezama kwenye msonobari. Ngozi haikuguswa. Lakini zipu imekwama shingoni, koti halivuliki, na nguruwe mwenyewe ni dume, meno nje, anakoroma kama trekta inayokataa kuwaka.

Habari zenu. Samahani nimemtanguliza nguruwe kabla ya salamu, hasira ndivyo zilivyo. Ninayoandika ni kweli tupu, na wahusika wanasoma humu. Wabishe.

Turudi nyuma.

Mimi Baba Neema, Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, sasa niko Shively, Louisville, napanga maboksi warehouse. Shule niliishia la nne, mtanivumilia.

Mtoto wa dada yangu anaoa Columbus. Familia ikanichagua mimi niwe msemaji siku ya mahari. Mnaotoka kwetu mnajua, siku ile msemaji ndiye familia. Anasimama mbele ya wakwe, anataniwa, anajibu, anapindisha maneno mpaka tunapewa binti. Marehemu baba alikuwa msemaji. Nafasi hiyo nimeingoja tangu nina nywele.

Sasa Deo. Deo ni binamu yangu, anakaa Whitehall, pale Columbus. Akanunua bunduki ya upepo. Haina baruti. Unaijaza hewa, unaingiza mshale, unafyatua, basi.

"Kaka, twende Georgia tukapige nguruwe wa harusi. Kule wanamaliza karanga za watu, wenye mashamba wanatukaribisha."

Nikamwambia mlio wa bunduki siutaki, niliusikia wa kutosha utotoni.

"Hii hailii, kaka. Hata mtoto mchanga haamki."

Hapo akanipata.

Wa tatu alikuwa Mchungaji Elisha wa Buffalo, ndiye aliyenipa lile koti. Koti la Buffalo wakuu, limeshonwa kupigana na theluji. Halichaniki!

Tukafika asubuhi. Mwenye shamba, mzee wa Kizungu, akatuonyesha kichaka, akatuomba kitu kimoja tu: tukae kimya.

Kimya! Sisi!

Mchungaji akasema kazi haianzi bila maombi. Nikamwomba tuombe moyoni.

"Baba Neema, moyoni utaombea kule kwenye maboksi. Hapa ni porini."

Tukafumba macho. Deo amekumbatia bunduki yake, mshale tayari uko ndani. Mchungaji akaanzia kwa Adamu. Akaombea maharusi, akaombea barabara, alipofika kwa wale nguruwe wa Injili walioporomoka ziwani sauti ikapanda, akaanza kukemea mapepo.

Kichaka kikajibu. "Khrooo."

Nikajua Mchungaji amejazwa Roho. Nikaitikia amina.

Deo akashtuka, akafyatua macho yakiwa yamefumba. Na kweli, wakuu, hailii. Nilisikia "pfff", nikavutwa kwapa kwenda nyuma, nikafumbua macho, nguruwe huyu hapa.

"Deo, piga!"

"Mshale uko kwako, kaka!"

"Mingine?"

"Iko ndani ya gari!"

"Na wewe uko wapi?"

"Juu ya gari!"

Mchungaji alikuwa juu kabla yake, na maombi alikuwa hajayafunga.

Nikabaki na mnyama. Mkono mmoja umefungwa. Sijui ilitoka wapi, nikaanza kumsemesha kwa ile sauti ya mahari: "Wazee wa boma hili, hatukuja kwa shari. Tumepita tu kuwasalimu. Tukiwakosea, mtuonye kama watoto wenu."

Akanisikiliza. Wallahi... hapana, mimi mlokole, haki ya Mungu alinisikiliza. Akanusa kiatu changu, akageuka, akaondoka zake bila haraka.

Mwenye shamba akaja na koleo kuning'oa. Akauliza nani kafanya hivi. Deo akaangalia mbinguni.

Kumbe hayo ndiyo yalikuwa mazuri. Kabla sijafika Shively, Deo ameshatuma sauti kwenye group la familia: eti nilikimbia, koti likanasa kwenye tawi, yeye ndiye akamfukuza nguruwe. Mchungaji akaulizwa. Akajibu, "Mimi nilikuwa nimefumba macho."

Wazee wakakaa. Wakasema aliyekimbia nguruwe hawezi kusimama mbele ya wakwe. Usemaji wamempa Deo. Deo! Mtu hawezi kuagiza chai bila kugugumiza.

Nilichojifunza: ukiomba porini, mmoja abaki macho wazi, na bunduki iwe tupu. Hata ya upepo.

Wenye uzoefu na nguruwe au na ndugu, semeni neno.

Ila kwanza wewe Deo. Nimekuona uko online. Harusi Jumamosi. Usinipigie simu pembeni, usimtume mkeo. Jibu hapa hapa mbele za watu: nani alifyatua? Na wewe Mchungaji Elisha, sasa macho umefumbua, uliona nini ukiwa juu ya gari?