Hilo Tayari Linajulikana

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, tukiwa tumepanga chumba kimoja Noonkopir. Mimi nilikuwa karani wa kiwanda huko Athi River, na mke wangu alifundisha nasari mpaka mtoto alipokuja, akaacha. Kijana hakulia alipozaliwa. Wenzake walipoanza kutembea, yeye hata shingo ilikuwa haijakaza. Watu wa kanisa letu, wengi wao wa kutoka magharibi mwa Kenya kama sisi, walituombea sana. Halafu wakachoka. Halafu wakaanza kutuuliza tulikosea wapi.

Lakini shida yetu kubwa haikuwa kutembea, ilikuwa kula. Tulimlaza chali mapajani kama mtoto mchanga, kichwa kikining'inia nyuma, kwa sababu hakuna aliyetuonyesha vingine. Kila tulipomlisha, alipaliwa. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, mke wangu akamgeuza haraka na kumpigapiga mgongoni mpaka pumzi irudi. Bakuli moja la uji lilikula asubuhi nzima, na sisi tukabaki tumeloa jasho la hofu.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, muuguzi mmoja alituambia kuna mkutano Kajiado. Wataalamu wa ng'ambo walitaka kuwasikia wazazi: dunia ifanye utafiti gani kwanza kuhusu watoto kama wetu? Nikaomba ruhusa kazini. Siku zote kabla ya mkutano, mke wangu alikuwa akitunga swali lake, akilirudia akiosha vyombo.

Tulikutana katika ukumbi wa hoteli. Kati ya wazazi, mwanamume nilikuwa mimi peke yangu. Wageni walikaa mbele, pamoja na profesa mmoja wa Nairobi aliyekuwa akiwatafsiria. Mama mmoja Mmaasai, aliyekuja amembeba mgongoni binti yake mkubwa, ndiye aliyesimama kwanza.

"Huyu nalia kila siku," alisema. "Mimi nataka kujua, huyu naumwa wapi?"

Profesa alitafsiri. Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Kisha mke wangu akasimama.

"Mimi niko na swali moja tu. Nimlishe namna gani asipaliwe?"

Profesa hata hakuwatafsiria. "Hilo tayari linajulikana, mama," alisema kwa upole. "Sisi tunatafuta yale ambayo hayajajulikana."

"Sawa. Kama linajulikana, si uniambie?"

Watu wakacheka. Profesa naye akacheka, akasema hayo ni mambo ya huduma, wangeyaongea wakati wa chakula.

Wakati wa chakula wao walikuwa na meza yao. Tulimpondea mtoto viazi, tukaanza kumlisha, naye akapaliwa vibaya. Watu wakageuka. Mgeni mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Mke wangu alimgeuza, akampiga mgongoni, mpaka akavuta pumzi. Profesa akaja pale tulipokuwa.

"Hii hutokea mara nyingi?"

"Kila siku," nikamjibu.

"Poleni sana," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Mchana tulipewa stika za kupigia kura, tuzibandike kwenye maswali yaliyotundikwa ukutani. Maswali yenyewe yalikuwa yamekuja yakiwa yameshachapishwa. Moja lilihusu jinsi ya kuzuia watoto wa namna hiyo wasizaliwe. Mke wangu alilisoma, akageuka na mtoto begani.

"Kwa hivyo tumeitwa tuseme vile watoto kama huyu hawatakuwa wanazaliwa?"

Akaweka stika zake mezani, tukapigwa picha ya pamoja, tukarudi nyumbani.

Ilipita miaka kabla mtu wa kazini hajanielekeza kwa mama mmoja wa Embulbul aliyefanya mazoezi ya viungo na watoto kama hao. Alimketisha kijana wetu wima, akamwinamisha kidevu kidogo, akaomba uji uwe mzito zaidi, akampa kwa kijiko kidogo na kungoja. Mtoto akameza. Akameza tena. Bakuli likaisha chai tuliyokaribishwa ikiwa bado moto.

Mke wangu alilia.

"Si ufurahi, mama?" yule mama akamuuliza.

"Nimefurahi," akasema. "Nina hasira tu."

Mapafu yalikuwa yameshaharibika. Daktari alituambia chakula kilikuwa kikiingia huko tangu utotoni. Kijana alikula vizuri kwa muda, akanenepa mashavu, halafu mvua ndefu zikaja na homa, nasi tukamzika.

Haukupita muda mrefu, simu ikapigwa kutoka ofisi ya profesa. Kulikuwa na mkutano mwingine, wa kuwaeleza wazazi ni utafiti gani uliochaguliwa. Mke wangu ndiye aliyeipokea.

"Mtoto alifariki," akasema.

Alisikiliza kidogo, akanipa simu, akatoka kwenda kuanika nguo. Msichana wa upande wa pili alikuwa bado anaongea. Alikuwa akisema kwamba tukiweza, tuje tu hivyo hivyo, kwa sababu mzazi aliyefiwa ana maoni ya kipekee. Nikakata simu.