Msiba wa Mtani, Njiani Kwenda Korogwe

Ilianza Jumatano saa nne asubuhi, kisimani, siku moja kabla hatujaingia Korogwe. Lori la duka la Mhindi lililokuwa litupeleke lilivunjika ekseli Handeni, basi mimi na Bibi tukashika njia ya porini kwa miguu, ili niwahi shule kufunguliwa. Nilikuwa pekupeku. Viatu vyangu vya shule, vyeusi vya kamba, nilivibeba kichwani ndani ya kanga. Baba aliviagiza Tanga, akanionya visiguse vumbi mpaka nilione geti la shule. Na getini hapo msichana pekupeku alikuwa haingii darasani, anarudishwa kwao.

Kisimani tulimkuta mwanamume wa makamo, mkata mkonge, anarudi kazini. Nikamwamkia kwa sauti yangu ile ambayo hata mwalimu huinama ndipo aisikie.

"Marahaba. Nyie watu gani?"

"Wazigua," Bibi akajibu.

"Ahaa. Mimi Mnyamwezi."

Sijajitwisha hata maji, alikwishafungua kanga yangu, akaunganisha viatu kwa kamba na kuvitundika shingoni. "Babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani, nyie mmekaa kivulini mnawacheka. Leo nimechukua changu."

Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa, na kitu kimekwenda. Nikamtazama Bibi.

"Usinitazame mimi, mke mwenzangu," akasema. "Viatu vyako, mdomo wako."

"Kwani huyu ana mdomo?" mtani akauliza. "Nilidhani lile ni tundu la kupitishia ugali."

Siku nzima alitutangulia, viatu vikimpigapiga kifuani. Kila tuliyekutana naye aliambiwa na mtani kwamba yeye ameoa Uziguani, na wakwe zake ni maskini, wamempa viatu visivyomwenea. Mimi nilitunga majibu makali kweli kweli. Yote yalifika kooni yakawa kikohozi.

Kesho yake mchana, karibu na barabara kuu, mtani alijilaza kichakani, viatu kavifanya mto, akakoroma. Hapo nikakumbuka msiba wa babu yangu. Mnyamwezi mmoja alilala kwenye kitanda cha marehemu, akagoma kuamka mpaka apewe kuku, na hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa kuwa msibani mtani ndiye mwenye ruhusa.

Nikachukua shuka ya Bibi, nikamfunika mtani gubigubi, taratibu. Nikakaa miguuni pake, nikaweka mikono kichwani na kuangua kilio. Sikujua kama nina sauti kubwa kiasi kile.

"Mtani wangu wee, umetutoka hata hujaoga."

Wanawake waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni wakatua vikapu.

"Kafa na nini?" mmoja akauliza.

"Uvivu," nikasema.

Wakaitazama shuka inavyopanda na kushuka, wakaelewa, wakakaa chini kulia nami. Bibi alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, machozi yanamtoka, lakini si ya msiba.

Mtani akaketi, shuka kichwani. "Mnanizika mzima?"

"Maiti hasemi," nikamwambia. "Wala havai viatu. Mrithi mimi."

"Kweli kabisa," wanawake wakasema.

Akaniangalia, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe humu ndani mna mtu." Viatu akanikabidhi kwa mikono miwili. Toka hapo akatembea nyuma yetu, anasema mzimu hautangulii walio hai, na kila baada ya kona anauliza matanga yake tumepika nini. Nikamjibu hatujapika, marehemu alikuwa bahili.

Tulilala kwa shangazi pale Korogwe, naye akapewa mkeka barazani. Alfajiri alikwishaondoka kwenda kambini kwao.

Asubuhi hiyo nilioga, nikavaa sare, nikatia mguu kwenye kiatu cha kushoto. Kimejaa jivu la jikoni mpaka kwenye tundu za kamba; mtani alikuwa ameniaga. Nililimimina lote kwenye jani la mgomba, nikalifunga vizuri kama chakula cha mgeni, nikampa Bibi ambaye angepita kambi ya mkonge akirudi nyumbani. Nikamwambia ampe mtani, amwambie sahani yake ya matanga hiyo, samahani imechelewa. Kisha nikaenda shule, mguu mmoja mweusi na mmoja wa kijivu.