Kabange wa Siku Moja

Naandika haya polepole, maana aibu bado haijaniisha.

Sheria za kuvua mtoni Lufira zimebadilika. Mkaaji wa kule anavua kwa karte yake ya kitambulisho, lakini mgeni lazima aombe ruhusa ofisini kwanza. Mimi ni mtu wa mji wa Likasi, na mbele ya watu wa ofisi sauti hunikauka. Nikaazima karte ya Kabange, mtoto wa mjomba anayekaa kule, kwa kuwa tunafanana.

"Bakikukamata batapasula karte yangu," alinionya. "Na minye ninakulaka kwa huu muto tu." Chakula chake chote hutoka mtoni humo.

Njia nzima nilikariri jina lake, kijiji chake na miaka yake. Nilikuwa nimevua samaki mmoja mkaguzi wa uvuvi alipofika. Alichukua karte akaniuliza maswali, nikajibu yote. Akanirudishia karte huku akitabasamu.

"Mama yako iko na batoto bangapi?" akauliza, kama kunisalimia tu.

Hilo sikuwa nimelikariri, nikasema ukweli wangu. "Njo minye peke yangu, papa."

Ukingoni, wanawake waliosubiri kununua samaki wakageuka kunitazama. Kwetu kila mtu anajua kwamba Kabange ni jina la pacha, yule anayezaliwa nyuma ya Kyungu. Nami asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai na Kyungu mwenyewe!

"Eh! Kabange peke yake!" mama mmoja akapiga makofi. "Sasa Kyungu ulimuacha mu tumbo?"

Mkaguzi hakucheka. Alinyoosha mkono tena, akaidai karte.