Msichana wa Kitabuni Hakuulizwa

Kila Jumapili alasiri tunakutana wanawake watano nyuma ya saluni moja mjini Migori, tunasoma riwaya. Mwenye saluni anapenda hadithi za mapenzi za enzi za mababu, na safari hii alituletea moja kuhusu mtoto wa chifu aliyemwona msichana mtoni, akatuma watu wambebe mzobemzobe hadi kwake.

Siku hiyo nilikuja na mama mkwe wangu, aliyetoka Rusinga kutibiwa macho. Kwa sababu yake nilisoma kwa sauti. Nilipofika pale msichana anapopiga mayowe, mwenye saluni alicheka.

"Huyo ndiye mwanaume! Wa siku hizi wanatuma tu meseji."

Mwalimu mmoja kati yetu alikunja uso. "Mtu analia, na wewe unacheka?"

"Ni mambo ya zamani, dada. Mwishowe atampenda."

Mama alinigusa goti. "Mimi nilibebwa hivyo," akasema.

Miaka kumi na minne nimeolewa katika boma lile, na sikuwahi kusikia habari hiyo. Alitueleza kwamba vijana walimkamata akitoka ziwani kuteka maji, wakamfikisha kwa bwana harusi nguo ikiwa imeraruka begani. Yule kijana alimtazama, akawafukuza wenzake, kisha akamuuliza, "Unataka kurudi kwenu?" Akajibu ndiyo. Wakaenda hadi kwa baba yake, yeye mbele, kijana nyuma amebeba mtungi.

"Alirudi baada ya mavuno, mchana kweupe, akaniuliza kama nitaolewa naye. Hapo nikakubali."

Mwenye saluni alijifuta macho kwa taulo ya wateja. Mimi nilimwaza baba mkwe, mzee mkimya niliyedhani hana neno, nikatamani angekuwa hai nimwandalie chai.

"Soma, mwanangu," mama akasema. "Nataka kujua huyu wa kitabuni ataulizwa lini."

Matibabu yaliisha, lakini aliomba akae hadi tumalize. Tulisoma Jumapili mbili zaidi. Msichana hakuulizwa. Alizaa watoto, akampenda mumewe, ngoma zikapigwa. Mwenye saluni alisema bado ni hadithi tamu, ila kurasa za mtoni ataziruka. Mwalimu akasema yeye hairudii kabisa. Walibishana mpaka chai ikapoa, huku mama akicheka na kuomba aongezewe mandazi.