Geti la Ukubwa wa Kucha

Kabla hajagusa fedha ya mapambo, Shamimu alichomelea mageti Mbagala miaka mitatu, kwa fundi Anselmo, na asikwambie mtu, geti zito ni shule. Siku moja Bi Chausiku, mwenye duka la mabaibui na udi, aliagiza la kwake, akabembeleza bei mpaka fundi akatoka jasho. Shamimu akakunja nondo nyembamba, akaandika Bismillahi juu ya geti lile kwa mwandiko aliojifunza madrasa.

Wapita njia wakawa wanasimama kulitazama. Hapo binti akapiga hesabu zake: watu wameyapenda maandishi, ila hakuna atembeaye na geti shingoni. Akanunua bangili kuukuu za fedha, akaziyeyusha, akatengeneza vidani vyenye jina la Mwenyezi Mungu.

Bi Chausiku akachukua kumi na viwili vya kujaribia. "Vikitoka, nakupa kabati la kioo." Kabati hilo liko mlangoni pa duka, na hakuna bibi harusi wa mtaa ule asiyepita hapo. Shamimu alilitaka kuliko kitu chochote.

Wiki ya pili Bi Chausiku akarudi na vidani vinane kwenye kitambaa.

"Shikamoo, Bi. Vimekatika?"

"Marahaba. Havijakatika. Ishu ni msalani, mwanangu. Jina la Mungu huingii nalo kule. Mteja anavua, anaweka juu ya ndoo, anatoka bila. Mmoja kakisahau ukumbini, harusi ya mdogo wake, hajakiona tena. Sasa wananirudishia mie."

Anselmo, aliyekuwa anapaka geti rangi, akacheka mpaka akaweka brashi chini. "Yaani mtoto wa madrasa hukuwaza choo?"

"Niliwaza shingo, fundi."

"Na shingo huwa inabaki nje?"

Hata Bi Chausiku alicheka. Lakini vidani aliviacha mezani, na kabati akasema Ijumaa anampa muuza manukato.

Shamimu alinuna mpaka chai ikapoa. Kisha akalitazama lile geti la rangi mbichi. Geti si linafungwa? Akaanza kukata fedha. Bawaba alizozizoea zilikuwa nene kama kidole. Hii ya kijimlango cha kidani ilitaka unene wa sindano. Ya kwanza iliyeyuka. Ya pili ikakwama. Ya tatu Anselmo alimshikia koleo, safari hii bila utani, nayo ikafunga.

Alhamisi akaenda dukani. Bi Chausiku alifungua kijimlango kwa ukucha, Jina likaonekana. Akafunga, likabaki ua la asumini lililochongwa juu yake. Papo hapo akampigia simu ustadhi wa madrasa, akamweleza.

"Likifunikwa inatosha," sauti ikajibu.

Bi Chausiku akakitikisa kidani, akakigonga kaunta, akakivuta. Hakikufunguka.

"Haya. Ila uniletee mie peke yangu."

"Nitakuletea wewe tu, Bi. Lakini kabati zima."

"Rafu ya chini nishamwahidi mwenye manukato."

"Basi ngoja nimwonyeshe na jirani yako." Shamimu akaanza kukunja kitambaa, taratibu, ncha moja moja.

"We mtoto! Nani kakufundisha hivi?"

"Si wewe, siku ile ya geti?"

Bi Chausiku alimkazia macho, midomo ikimcheza. Kisha akatoa ufunguo wa kabati kwenye mkoba, akausukuma juu ya kaunta.

"Futa kioo mwenyewe. Na udi wangu usiuguse."