Hatua Tisa za Mama Mkubwa

Mwezi wa nne baada ya kumzika mkewe, Baba Mkubwa alirudi kwenye uwanja wa gofu. Alikuwa kipofu tangu utotoni. Miaka ishirini na sita alipokea simu katika ofisi ya maji, na jioni Mama Mkubwa, Mungu ailaze roho yake pema, alimpeleka uwanjani, mume akifuata nyuma amemshika bega. Ndiye aliyeiomba kamati ya uwanja imruhusu kipofu kucheza na mwongozaji. Walimzungusha mwaka mzima mpaka wakachoka wao, wakakubali.

Kazi ya mwongozaji ni kupiga goti, kuweka kichwa cha fimbo nyuma ya mpira na kutaja umbali. Mama Mkubwa aliupima kwa miguu yake.

"Hatua tisa, mzee wangu. Usiniaibishe."

Sasa kila asubuhi Baba Mkubwa alichemsha chai ya watu wawili, akamwaga nusu. Siku hiyo alikuwa ameapa: nikishindwa leo, fimbo naziacha hukohuko.

Aliyejitolea kumwongoza alikuwa mkata nyasi wa uwanja, ambaye kwa urefu wake wenzake walimwita Ngongoti.

"Hatua tano, mzee," alisema walipolikaribia shimo.

Baba Mkubwa akapiga. Mpira ukaishia njiani. Wa pili nao vilevile.

"Basi, nirudishe nyumbani."

"Ngoja niokote mipira kwanza."

Baba Mkubwa akazisikia nyayo zikienda. Moja, kimya, ya pili, kimya.

"Kumbe! Wewe unatembea kama ngazi! Hatua yako moja ni karibu mbili zangu."

"Ndivyo nilivyoumbwa, mzee wangu."

"Rudisha mpira palepale, kisha nenda ugonge shimoni kwa fimbo."

Ngongoti akagonga. Baba Mkubwa akaufuata mlio kwa hatua fupi, zilezile alizozizoea miaka yote asije akamkanyaga mkewe kisigino. Ya tisa ikagusa ukingo wa shimo.

"Tisa," alisema. Hakuna aliyemwambia asimwaibishe.

Walirudi kwenye mpira. Ngongoti akaiweka fimbo, Baba Mkubwa akapiga. Mpira ukabingirika, ukadumbukia.

"Umeingia, mzee! Umeingia!"

Baba Mkubwa aligeuka upande wa kushoto, alikosimama mkewe siku zote, mdomo ukiwa tayari kusema neno. Akaufunga.

"Kesho uje," alimwambia Ngongoti. "Ila wewe niwekee fimbo tu. Kupima, nitapima mwenyewe."